Kasha moja, funguo tatu: Namna watu wa kujitolea wanagawana kazi kwenye ramani ya dunia nzima

Kila mama aliye ndani ya AVEC anajua jambo hili. Kasha la akiba liko na kufuli tatu. Funguo zake zinashikwa na watu watatu, na yule anayelaza kasha nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Siku ya mkutano, wawili wanahesabu franka mbele ya wote, mwandishi anaandika, msimamizi anaongoza mazungumzo. Hakuna anayekasirika na kusema: "Basi hamuniamini?" Utaratibu huo uliwekwa ili kesho mtu akigonjwa, akihama ao akishawishika, akiba ya wote ibaki salama.

Sasa fikiria kikundi cha namna hiyo ambacho wanachama wake hawakai kwenye mtaa mmoja. Mmoja yuko Kampala, mwingine Berlin, mwingine Goma, mwingine Manila. Wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Karibu wote hawapati mshahara. Na kile wanachokilinda pamoja ni ramani, ao karte vile tunazoea kusema, ya dunia nzima, pamoja na programu zinazoiendesha. Jina lake ni OpenStreetMap. Labda umeisha kuitumia bila kujua, sababu programu za telefone kama OsmAnd na Organic Maps, zile zinazoonyesha njia hata kama mega zimeisha, zinachota humo.

Hapo ndipo maulizo yanaanza: "Sasa mukubwa wa hii karte ni nani? Nikikuta jina ya kwetu imeandikwa mubaya, nigonge mulango gani? Na kama mutu anaharibu kwa makusudi, nani anamukamata?"

Ni maulizo ya haki. Yanatuhusu sisi wakaaji wa mashariki kuliko wengi, kwa kuwa ramani hii imetumiwa hapa kwetu wakati watu walikuwa wanakufa. Na jibu lake linaweza kusaidia kila mtu aliye ndani ya kikundi cha kujitolea, hata kama hajawahi kugusa kompyuta.

Ilianza na mtu mmoja, lakini haikubaki yake

Mwaka 2004, kijana mmoja wa Uingereza, Steve Coast, alichoshwa na jambo moja. Serikali yao ilikuwa na ramani nzuri za nchi, lakini ilikuwa inaziuza kwa bei kubwa na kwa masharti makali. Akawaza: kama kila mtu anachora njia anayopita kila siku, kisha tunaunganisha yote, tutakuwa na ramani isiyo ya mtu mmoja. Hivyo ndivyo OpenStreetMap ilizaliwa.

Ramani hiyo ni huria, na programu zinazoiendesha ni huria vilevile. Maana yake ni kwamba maandishi ya ndani ya programu yanawekwa wazi. Kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia, kuyasahihisha na kuyagawa kwa wengine bila kulipa.

Kwa mwanzo, watu wachache walikuwa wanafanya kila kitu: kuandika programu, kulinda seva, kutafuta pesa, kutuliza ugomvi. Watu walipoongezeka, namna hiyo haikuwezekana tena. Mwaka 2006 iliundwa Fondasio ya OpenStreetMap, ambayo imeandikishwa Uingereza. Leo watu zaidi ya milioni 10 wamefungua akaunti kwenye mradi huu, ingawa sehemu kubwa yao wanachora kidogo ao hawarudi tena.

Fondasio inasema wazi kwamba kazi yake ni kusaidia mradi bila kuutawala. Ina baraza la watu 7 wanaochaguliwa na wanachama. Baraza linapanga matumizi ya pesa, linatia sahihi kwenye mikataba, linajibu mbele ya sheria. Lakini haliwezi kumwambia mchoraji wa Uvira ao wa Bunia: "Leo chora barabara hii." Na kazi za kila siku haziko mkononi mwa baraza. Ziko kwa makundi ya kazi.

Kwa nini hii inatuhusu

Kabla ya kuingia kwenye makundi hayo, tukumbuke tulikotoka.

Tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, kisha ikafika Ituri. Ilipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameambukizwa na 2,287 walikuwa wamekufa. Timu za chanjo na zile za kufuata waliokutana na wagonjwa zilikuwa na shida ya kila siku: kijiji fulani kiko wapi hasa? Kina nyumba ngapi? Pikipiki inafika kupitia wapi? Kwa sehemu nyingi, karte ilionyesha msitu tu, kama vile hakuna mtu anayekaa pale.

Watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali walikaa mbele ya picha za setilaiti, wakachora paa moja kwa moja, barabara moja kwa moja. Kazi hiyo iliratibiwa kupitia kikundi cha Humanitarian OpenStreetMap Team, kinachoitwa kwa kifupi HOT. Kabla ya hapo, mwaka 2014, HOT pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu wa Marekani na ule wa Uingereza walianzisha mpango wa Missing Maps, kwa ajili ya sehemu za dunia ambazo hazikuwa na ramani ya kufaa. Lubumbashi ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuchorwa.

Lakini picha ya setilaiti inaonyesha paa tu. Haisemi kama paa hilo ni la santé, la kanisa ao la soko. Haisemi mtaa unaitwaje. Hiyo inajulikana tu na anayekaa pale. Na vitu vinabadilika. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilimeza nyumba upande wa Buhene. Ramani iliyokuwa sahihi asubuhi haikuwa sahihi tena usiku.

Basi ramani kama hii inahitaji mikono mingi, na mikono mingi bila utaratibu ni fujo. Tuangalie sasa nani anashika ufunguo gani.

Kundi la Mitambo: wanaolinda nyumba

Ramani inakaa ndani ya seva, yaani kompyuta kubwa zinazofanya kazi usiku na mchana. Seva za muhimu ziko Amsterdam na Dublin. Kundi la Mitambo ndilo linazinunua, linazifunga, linazitengeneza na kulinda nakala za akiba. Ni watu wachache, kwa sababu anayeshika ufunguo wa seva anaweza kufuta kila kitu.

Desemba 2024, kampuni inayounganisha seva za Amsterdam na intaneti ilipata tatizo, na OpenStreetMap ikatoweka mtandaoni. Kwa kuwa kulikuwa na nakala Dublin, watu wa mitambo waliifungua kutoka huko. Kwa muda fulani watu waliweza kutazama ramani bila kuandika kitu, kisha kazi ikarudi kawaida.

Kwa miaka mingi kazi hii yote ilifanywa na watu wa kujitolea. Mwaka 2022, Fondasio ikaajiri mhandisi mmoja wa kuishughulikia. Sababu yake inaeleweka: seva ikianguka saa nane za usiku, huwezi kumngoja mtu amalize kwanza kazi inayomlisha. Makundi mengine yanaweza kungoja hadi wikendi, hili hapana. Kikundi cha kujitolea kinapaswa kujua ni kazi gani inaweza kungoja na ni ipi haiwezi.

Kundi la Leseni: wanaosoma masharti

Watu wengi wanadhani kitu cha wazi hakina sheria. Sivyo. OpenStreetMap ina leseni inayosema: tumia bure, hata kwa biashara, lakini taja ulikoitoa, na ukiboresha data yenyewe na kuigawa, uiache wazi vilevile.

Mwaka 2012 leseni ya zamani ilibadilishwa. Haikuwa kazi ya kusema tu "tumebadilisha". Kila aliyekuwa amechora aliulizwa kama anakubali. Michoro ya waliokataa, na ya wale ambao hawakujibu, iliondolewa. Barabara zingine zilitoweka na kupaswa kuchorwa tena. Iliuma, lakini hakuna aliyechukuliwa kazi yake kwa nguvu.

Kundi hili ndilo linajibu maulizo ya namna hii: "Nina karte ya zamani ya groupement yetu, naweza kuinakili?" Jibu la kawaida ni kwamba unachora kile umekiona kwa macho yako, ao unatumia picha zilizoruhusiwa. Kunakili kutoka Google Maps ni marufuku, hata kama ni jina la avenue moja tu.

Kundi la Data: wanaotuliza ugomvi

Hili ndilo linajulikana zaidi, na ndilo lina kazi ngumu zaidi. Linashughulikia uharibifu, wizi wa data, na ugomvi kati ya wachoraji.

Kila badiliko kwenye ramani linaacha alama: nani alilifanya, saa ngapi, nini kilikuwa hapo mbele. Kwa hiyo ukikuta kosa, hatua ya kwanza ni kumwandikia aliyelifanya, kwa upole. Mara nyingi ni mgeni ambaye hakujua. Asipojibu ao akiendelea, ndipo unaleta jambo mbele ya Kundi la Data. Wao wana uwezo wa kumfungia mtu kwa muda na kurudisha ramani vile ilikuwa.

Agosti 2018, mtu fulani aligeuza jina la mji wa New York na kuweka tusi la kuwachukia Wayahudi. Ndani ya OpenStreetMap wachoraji waliliona na kulifuta upesi. Lakini kampuni moja iliyokuwa imechota data ilibaki na nakala yenye tusi, na baadaye watu waliliona kwenye telefone zao. Anayechota maji mtoni anapaswa kuyachunguza pia kabla ya kuyanywesha watu.

Majina na mipaka: hapo ndipo moto unawaka

Tunaokaa mashariki tunajua kwamba jina la kilima, la chefferie ao la mto linaweza kuleta ugomvi wa damu. Ramani isiyo na mwenyewe ingefanya nini hapo?

Kanuni ya kwanza ni kutazama hali ya chini, pale mahali penyewe. Watu wanaokaa pale wanapaitaje? Kibao cha barabarani kinasema nini? Hilo ndilo jina la mbele. Lakini programu inatoa nafasi za majina mengine: jina la Kiswahili, la Kifaransa, la Kilingala, jina lingine linalotumika, jina la zamani. Kwa hiyo Kisangani inaweza kubaki Kisangani, na Stanleyville ikawekwa kwenye nafasi ya jina la zamani. Vivyo hivyo Kalemie na Albertville. Namna hiyo inapunguza ugomvi mwingi, kwa kuwa jina la mmoja haliandikwi kwa kufuta la mwingine.

Mipaka ya nchi ni ngumu zaidi. Mfano unaojulikana ni wa Crimea. Mwaka 2014, Urusi ilipochukua rasi hiyo kutoka Ukraine, wachoraji wa pande mbili wakaanza kufutiana mipaka. Kundi la Data likaamua kwamba kwa muda Crimea ionyeshwe ndani ya nchi zote mbili. Novemba 2018 kundi hilohilo likageuza uamuzi na kuiweka upande wa Ukraine peke yake. Wengine wakakata rufaa kwa baraza la Fondasio. Desemba 2018 baraza likaondoa uamuzi mpya na kurudisha ule wa 2014.

Unaweza kukubaliana na baraza ao hapana. Watu wengi walikasirika, kila mmoja kwa sababu yake. Lakini angalia njia iliyofuatwa. Kundi lenye kazi hiyo liliamua kwanza. Asiyeridhika alikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko. Wa juu aliweza kugeuza uamuzi, na aliugeuza mbele ya macho ya wote. Ni vikundi vingapi vya kwetu ambavyo mtu asiyeridhika ana njia nyingine isipokuwa kutoka na kuanzisha komite yake?

Kundi la Wanachama: wanaoshika daftari

Kuchora ramani ni bure na hakuhitaji kadi. Lakini kupiga kura ndani ya Fondasio, lazima uwe mwanachama. Mchango ni paundi 15 za Uingereza kwa mwaka. Kwa mtu wa Minova ao Komanda hizo ni pesa nyingi, na hata kuzituma ni shida. Kwa hiyo kuna njia mbili zingine. Anayekaa mahali ambako mchango ni mzigo mkubwa ao pesa haziwezi kutumwa anaweza kuomba asamehewe. Na aliyechora kwa siku zisizopungua 42 ndani ya mwaka mmoja anaweza kuingia bila kulipa, sababu jasho lake linahesabiwa kuwa mchango.

Kwa nini daftari la wanachama lisishikwe na baraza lenyewe? Kwa sababu baraza linachaguliwa na walio ndani ya daftari hilo. Novemba 2018, karibu na uchaguzi, watu kama mia moja walijiandikisha kwa siku moja, na ikaonekana kwamba walitoka kwa waajiriwa wa kampuni moja. Kundi la Wanachama lilifanya uchunguzi, likaandika ripoti na kuiweka wazi. Kama daftari lingekuwa mikononi mwa mgombea, nani angeamini ripoti hiyo?

Makundi mengine, na yale yanayolala

Kuna Kundi la Mawasiliano, linaloandika matangazo na kujibu waandishi wa habari. Kuna kundi linaloandaa mkutano mkubwa wa dunia. Mkutano wa Septemba 2024 ulifanyika Nairobi, na ilikuwa mara ya kwanza kufika bara la Afrika. Kuna kundi linalosaidia jumuiya za nchi mbalimbali kujipanga. Na kuna Kundi la Uhandisi, lililowekwa kwa ajili ya kusukuma kazi za programu.

Hilo la mwisho lina historia ya kufundisha. Liliwahi kulala kabisa kwa kukosa watu, kisha likafufuliwa miaka mingi baadaye. Hakuna aliyeficha jambo hilo. Kundi la kujitolea linaweza kulala, na ni afadhali kusema "hapa hakuna mtu kwa sasa" kuliko kuacha jina la komite kwenye karatasi huku kazi imekufa.

Mmoja anachora, mwingine anahakikisha

Kugawana kazi hakuishii juu kwa makundi. Kunafika hadi kwa mchoraji wa mwisho.

HOT inatumia programu inayokata eneo kubwa kuwa miraba midogo, kama mashamba. Mchoraji anachagua mraba mmoja, na palepale unafungwa kwa ajili yake, ili wawili wasichore nyumba moja mara mbili. Asipomaliza ndani ya saa mbili, unafunguliwa tena kwa wengine. Akimaliza, anauacha na alama kwamba umechorwa. Hapo mtu mwingine mwenye uzoefu anakuja kuhakikisha: nyumba ziko sawa? Mto haukuchorwa kama barabara? Kukiwa na kosa, mraba unarudishwa pamoja na maelezo.

Kwa upande wa programu, utaratibu unafanana. Mtu yeyote anaweza kuleta pendekezo la kubadilisha maandishi ya programu. Lakini halingii lenyewe. Walinzi wachache wa programu hiyo wanalisoma, wanauliza, wanalijaribu, kisha wanalipokea ao wanalikataa kwa sababu iliyoandikwa. Na kila programu ina walinzi wake: wa tovuti, wa programu ya kuchorea, wa rangi na alama za ramani. Fondasio haiko juu ya wote hao.

Hatari ya ufunguo mmoja

Mtu anaweza kusema: "Bale bote ni ba nini? Muwekee paka mutu moya mwaminifu, kazi itaenda mbio."

Tumjibu kwa kilichotokea kwenye mradi mwingine huria. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili inayoitwa xz. Inakaa ndani ya seva nyingi sana duniani. Kwa miaka mingi ililindwa na mtu mmoja wa kujitolea, ambaye alikuwa amechoka na alikuwa amesema hivyo wazi. Akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akamsaidia kwa uvumilivu kwa zaidi ya miaka miwili, akifanya kazi nzuri. Majina mengine yakaanza kumsukuma mwenye mradi: mbona unachelewa, mpe mwingine ruhusa. Akampa. Baadaye yule msaidizi akaficha mlango wa siri ndani ya programu, ambao ungeweza kumfungulia seva nyingi za watu.

Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kompyuta yake inachelewa kama nusu ya sekunde. Hakuacha jambo hilo lipite, akachunguza, akakuta hila hiyo kabla haijaenea. Wengine wangesema ni bahati.

Angalia mahali ufa ulianzia. Mlinzi wa xz hakuwa mwizi wala mjinga. Alikuwa peke yake na alikuwa amechoka, na wale wengi waliokuwa wanafaidika na kazi yake hawakuuliza yuko namna gani. Funguo tatu za AVEC zinamlinda kila mmoja asiibe, na vilevile zinamlinda asibebe mzigo wote hadi aanguke.

Mambo ambayo hayajakaa sawa

Tusisifu kupita kiasi. Sehemu kubwa ya viti ndani ya makundi haya imeshikwa na watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mikutano mingi inafanywa kwa Kiingereza, mtandaoni, kwa saa zinazowafaa wao. Mtu wa Baraka ambaye umeme unamfikia mara moja moja, na ambaye ananunua mega kidogo kidogo, atahudhuria mkutano wa saa nzima namna gani? Kutumikia bila mshahara kunahitaji muda, na mtu anayetafuta chakula cha leo hana muda mwingi wa kugawa. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa wote, lakini barabara ya kuufikia haiko sawa kwa wote.

Kuna ulinzi wa mwisho kwa walio wadogo: haki ya kuondoka na nakala. Kwa kuwa kila kitu ni huria, wasioridhika wanaweza kuchukua maandishi ya programu na kuanza upya. Programu ya telefone Organic Maps ilizaliwa hivyo kutoka Maps.me. Mwaka 2025, baadhi ya wachangiaji wa Organic Maps waliona uongozi wake haukuwa wazi vya kutosha, wakatoka na nakala na kuanzisha CoMaps. Kutengana kunapunguza nguvu, lakini kiongozi anayejua kwamba watu wanaweza kuondoka na kasha lililojaa anajifunza kusikiliza mapema.

Wewe ugonge wapi

Turudi kwenye ulizo la mwanzo. Ukikuta jina la kwenu limeandikwa vibaya, huhitaji kungoja mkubwa. Ukiwa na akaunti, unaweza kusahihisha mwenyewe, ao kuacha alama ya maoni pale mahali ili mwingine asahihishe. Mtu akilirudisha kwa kosa, mwandikie kwanza. Ikishindikana, Kundi la Data. Usiporidhika, baraza.

Neno moja la uangalifu kwa hali yetu ya sasa. Ramani inaonekana na wote, mwema na mbaya. Sheria za mradi zinakataza kuandika mambo ya siri ya watu, kama jina la mwenye nyumba. Kwetu tuongeze busara: mbele ya kuandika kitu, jiulize nani anaweza kuumia akikisoma.

Na kwa wale walio ndani ya komite ya maji, mutuelle, kikundi cha salongo ao chama cha vijana, chukueni karatasi jioni hii na muandike maulizo manne. Nani anashika ufunguo? Nani anaandika? Nani anahakikisha kazi ya mwingine? Asiyeridhika anaenda kwa nani? Kama jina moja linarudi kwenye mistari yote minne, kasha lenu liko na kufuli moja tu.